Mwezi wa Majina

Muaither, Al Rayyan,
Doha, Qatar.

28 Agosti 2025.

Mpendwa Shangazi Jeptoo,

Salamu hizi zikukute umeketi, maana najua wewe husomi kitu ukiwa umesimama. Goti linasemaje? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia Aprili uliipaka mwenyewe, au ulimpa yule mbuzi wako anayechechemea? Nakutania, Shangazi. Nina sababu ya kuanza kwa utani, utaiona mbele.

Kogo je? Mama yako huyo, ambaye sisi wajukuu hatujui kumwita kwa jina jingine, nasikia amekonda sana. Mama aliniambia kwamba anaamka, anaota jua mlangoni, anarudi kitandani, na uji wa wimbi hataki kuugusa tangu mavuno ya mwaka jana. Anakunywa wa mahindi tu. Nimelifikiria jambo hilo kila siku, na ndilo lililonikalisha chini niandike.

Mimi ni mzima wa mwili. Kazi ni ile ile kwa Mama Kubwa, bibi mwenye nyumba, na Saada wa Tanga bado ndiye mpishi. Joto la mwaka huu limetukamua, na sasa umekuja unyevunyevu wa mwisho wa kiangazi. Ukitoka nje asubuhi nguo inakugandia mwilini kabla hujafika getini.

Barua hii isome peke yako kwanza. Simu ya nyumbani ni moja, na Mama huiweka sauti kubwa hata majirani wanajua habari zangu kabla yenu. Ndiyo sababu nimempa Winfred wa kwa mwalimu, yule anayefanya kazi hotelini Lusail. Anaruka Jumapili kwenda likizo, naye ameniahidi kuitia mkononi mwako wewe, si mwa mtu mwingine. Ndani yake kuna kitu kimefungwa kwenye kitambaa. Usikifungue sasa.

Hapa pia ni mavuno. Mama Kubwa ana mitende minne nyuma ya nyumba, na tangu Julai tunachuma, tunachambua, tunapanga kwenye trei, tende laini upande huu na za kukausha upande ule. Nikichanganya ananigombeza kwa Kiarabu mpaka Saada anajificha stoo kucheka. Anasema nyota ya Suheli imeshachomoza, kwa hiyo joto sasa linafunga virago. Mwezi mpevu unaokuja anauita mwezi wa Suheli.

Juu ya mtende mkongwe huacha kichala kimoja kila mwaka, hakiguswi na mtu. Nilimuuliza ni cha nani. Akanyanyua mabega. Baba yake alikuwa akikiacha, naye anakiacha, mwenyewe hajulikani tena. Shangazi, jua lilikuwa kali lakini nilisikia baridi, kwa sababu sisi kile tunachoweka tunajua tunamwekea nani.

Nilimsimulia Saada jinsi Kogo anavyoipa majina miezi mipevu. Mwezi wa Matope wakati wa kupanda, Mwezi wa Mgongo wakati wa palizi, Mwezi wa Chungu Kitupu wimbi likiwa bado bichi, Mwezi wa Ndege tukishinda shambani kupiga makopo ili ndege wasile mbegu. Saada akasema kwao mwezi mpevu ni mwezi wa kumi na nne basi, na msichana mzuri husifiwa kwa huo. Akaniuliza baada ya Mwezi wa Ndege unakuja upi. Nikamwambia Mwezi wa Majina, kisha machozi yakanitoka, nikasingizia kitunguu.

Najua nakueleza mambo uliyonifundisha wewe. Nivumilie. Nayaandika moja moja ili tukifika mahali nilipokosea uone kwamba nilijua.

Wimbi la kwanza likishakatwa na kupurwa, Kogo huketi kizingitini na ungo mapajani, mwezi ukichungulia juu ya kilima. Anaita majina ya watu wote wa nyumba yetu, mkubwa hadi mdogo. Aliyepo anaitika "Nipo," anapewa konzi yake. Aliye mbali anaitikiwa na mtu wake, "Yuko njiani," na konzi yake inawekwa kwenye kibuyu kumngoja. Jina likiitwa mara tatu bila kuitikiwa, konzi hiyo inamwagwa nje ya kizingiti, na mlango unaachwa wazi mpaka asubuhi ili mwenyewe aende zake kwa amani. Kwetu hayo ndiyo maziko, hata kama kaburi lilishachimbwa. Baba Mdogo Nick na wazee wenzake wa kanisa hunung'unika kila mwaka, na kila mwaka yeye ndiye wa kwanza kufika.

Unakumbuka mwaka aliokufa Babu? Levis alikuwa na miaka saba. Jina la Babu likaitwa mara ya tatu, watu kimya, naye kaka yangu kwa utundu wake akapaza sauti, "Yuko njiani!" Sisi watoto tukaangua kicheko. Wewe ulimchapa kwa mwiko ukavunjika. Lakini mimi nilimwogopa zaidi Kogo, kwa sababu hakukasirika. Alifagia kile kizingiti asubuhi na jioni kwa siku nyingi, na alimwambia Levis neno moja tu: "Ukimwitikia aliyekufa, umempa safari."

Sasa nisikilize, Shangazi. Levis amekufa.

Alikufa Oktoba ya mwaka juzi, wiki tatu baada ya kutoka hapa Doha. Ninyi aliwaambia amepata kazi Uturuki. Mimi aliniambia ukweli, kwamba angevuka bahari aingie Ugiriki, akanifunga mdomo kwa kuniapisha kwa jina la Baba. Kisha simu yake ikazimika. Nilikaa miezi kumi nikijidanganya kwamba ameibiwa simu.

Agosti mwaka jana, siku yangu ya mapumziko, nilikwenda Fereej Bin Mahmoud kununua unga. Mlinzi wa jengo moja akanisimamisha kwa Kiswahili cha nyumbani, akaniuliza kama mimi ndiye Damaris dada ya Levis, kwa sababu tumefanana meno. Anaitwa Dedan. Alikuwa naye huko pwani ya Uturuki, akakamatwa, akarudishwa Kenya, ndipo akapata kazi hii ya ulinzi akaja Qatar. Tuliketi kwenye ngazi za jengo lake, akaniambia.

"Dada, mimi si mtu wa kuleta story. Boti ilikuwa imejaa, nikaambiwa ngoja ya pili. Levis akanipa hii kitu akasema nishikie, isilowe maji. Asubuhi bahari ikawarudisha. Nilimjua na ile jezi ya kijani. Nilimfunga macho mimi mwenyewe."

Walizikwa hukohuko, kila kaburi na namba. Dedan hakuruhusiwa kukaribia, kwa hiyo hata namba hatunayo.

Kile kitu alichonipa ni fundo la wimbi. Lile ambalo Kogo humfungia kila mtu anayeondoka, ili siku akirudi alifungue na kulimimina ghalani. Lilikuwa kavu kabisa. Levis alivaa jaketi la kujiokolea la kuazima kuingia baharini, lakini wimbi la Kogo alihakikisha halilowi.

Niliamua kwamba nitanyamaza. Nakuapia, Shangazi. Sikuwa na nguvu ya kutamka kwa simu kwamba amekufa, lakini nilijua Mwezi wa Majina unakuja, na kwamba desturi ingesema kwa niaba yangu. Jina lingeitwa mara tatu, mimi ninayemwitikia kwa simu ningekaa kimya, nanyi mngeelewa. Ilikuwa kazi ya kutofanya kitu, ikanishinda.

Jioni ile nilikuwa nimesimama chini ya mitende na simu sikioni. Nilisikia Nick akikohoa, nikasikia wewe ukiitika. Kogo akaita, "Levis." Kimya. "Levis." Nikasikia Mama akivuta pumzi, ile pumzi ya mtu anayeona mtoto anaanguka naye yuko mbali. Akasema polepole, "Damaris, mbona huitiki?" Kogo akaita mara ya tatu, nami mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Yuko njiani."

Nyote mlishangilia. Nilisikia konzi yake ikidondoka kwenye kibuyu. Na Kogo akasema hatakula wimbi mpaka ale na Levis.

Mwezi uliofuata, Oktoba, mwezi ukiwa mpevu, kengele ya geti ililia wakati wa magharibi. Mama Kubwa akatazama kamera, hapana mtu. Nilikwenda kufungua. Kizingitini kulikuwa na maji, kiasi cha nguo iliyokamuliwa. Nikapiga deki, nikasahau.

Novemba nyayo zilikuwa ndani ya ua, karibu na bomba. Nikasema ni mtunza bustani. Desemba mtunza bustani alikuwa likizo, na nyayo zilikuwa zimefika kwenye mtende wa kwanza. Ni nyayo za mtu asiye na viatu, na kidole kidogo cha kushoto hakigusi chini. Unakijua kidole hicho, ulikuwepo siku alipojikata na jembe.

Hapo nilielewa. Nilisema yuko njiani, naye yuko njiani.

Hakupata kuharakisha. Kila mwezi mpevu hatua chache, basi. Aprili alifika kwenye kibaraza. Nilianza kuhesabu miezi kama mtu mwenye deni, na nikawa natandika kitambaa chini mapema ili Mama Kubwa asiteleze. Siku moja aliniwahi, akayaona yale maji, akapiga kelele "Shinu hadha?" akitaka kujua ni kitu gani, na kesho yake akaleta fundi wa esi, zile mashine za kupoza nyumba. Fundi akafungua mashine zote. Akasema ni kavu, wala hakuna bomba ukutani pale. Mama Kubwa akamwambia hajui kazi. Mimi nilikuwa nimeshayaonja. Yalikuwa na chumvi.

Juni ndipo Saada alipokosea, naye si wa kulaumiwa. Nilikuwa nakunja nguo, akaniita kutoka jikoni.

"Damaris, yule mgeni wako umemwona?"

"Mgeni gani?"

"Si huyo aliyepiga hodi mlango wa nyuma. Kijana mpole, ana Kiswahili cha kwenu cha bara. Nikamwambia karibu ndani, mikono yangu ina unga. Nageuka, simwoni."

Mtu wa Tanga akisikia hodi atasema nini kama si karibu? Lakini ndivyo alivyoingia nyumbani. Julai alikuwa ukumbini. Tarehe tisa mwezi huu, Mwezi wa Ndege, alifika mlangoni pa chumba changu, na tangu siku hiyo hajaondoka. Kila asubuhi nafungua mlango, sakafu imelowa mahali pamoja tu, upana wa mtu aliyesimama.

Sikuogopa kwamba atanidhuru. Ningekuwa naogopa, ningelala chumba cha Saada. Kinachoniua ni huruma. Anatembea mwaka mzima kwa miguu, kutoka bahari isiyo yetu, akiifuata sauti yangu kwa sababu ndiyo iliyomwitikia, naye anadhani huku ndiko nyumbani. Hagongi. Levis yule aliyekuwa akiingia bila hodi na kula chakula cha watu, sasa anasimama nje kama mgeni. Wiki iliyopita niliweka kiganja mlangoni upande wa ndani, mbao zilikuwa baridi, nikalia mpaka Saada akaja. Nikamweleza yote. Hakunicheka. Alisema, "Basi mrudishe kwa wenyewe. Wewe umemwita, hujui kumpokea."

Na huko Kogo anakauka akimngoja. Nimewafunga wawili kwa maneno mawili, Shangazi. Mmoja hawezi kulala na mwingine hawezi kula. Baada ya Mwezi wa Ndege ni Mwezi wa Majina, na jina likiitikiwa tena mwaka huu, sijui atakwenda wapi zaidi ya kuingia chumbani mwangu, na Kogo hatauona mwaka mwingine. Kwa hiyo naomba unisaidie kufanya kile ambacho mimi nilishindwa.

Mwezi utakuwa mpevu Jumapili, tarehe saba Septemba. Saada amesoma kwenye simu yake kwamba siku hiyo utapatwa, na huko kwetu pia utaonekana, kuanzia kama saa moja na nusu usiku. Msichelewe. Ukichungulia tu juu ya kilima, Kogo aanze kuita.

Jumamosi mwambie Mama. Usimwambie jikoni kwa sababu ataendelea kukoroga na kujifanya hajasikia. Mpeleke mtoni mahali anapofulia, umwambie huko, na umwache apige kelele anazotaka. Mwambie Dedan alimfunga macho. Hilo atalihitaji. Mwambie pia kwamba nilijua na nikamdanganya, usinifichie. Akinitukana, mwache amalize.

Kogo usimwambie kitu. Yeye ndiye anayeita, kimya kitamwambia. Nadhani anajua kuliko sisi sote na amekuwa akitungoja tuwe wakweli.

Levis akiitwa, asiitike mtu. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Watoto wa Nick uwakalishe karibu nawe, hasa Trevor, maana ana utundu ule ule. Mama mshike mkono. Mimi sitapiga simu. Jioni hiyo simu yangu nitampa Saada aifungie kabatini pamoja na sukari, kwa sababu najijua.

Kikishapita kimya, lifungue hili fundo. Umimine wimbi lake pamoja na ile konzi iliyo kwenye kibuyu, nje ya kizingiti, kisha mlango uachwe wazi. Baba Mdogo asije akaufunga kwa kuogopa wezi. Ndipo umpikie Kogo uji wa wimbi jipya, umnyweshe mwenyewe kwa kijiko, hata kama atauacha nusu.

Jambo la mwisho. Baada ya Levis huitwa jina langu. Kila mwaka nimejiitikia kwenye simu, na mwaka huu sitakuwepo hata kwa sauti. Usije ukawa unalia ukapitwa, Shangazi. Damaris likiitwa, mara ya kwanza tu, usingoje ya pili, sema kwa nguvu kwamba niko njiani. Mkataba wangu unaisha Februari. Nataka nilete fundo langu kwa mikono yangu.

Leo jioni, kabla ya kufunga bahasha, nilisimama mlangoni nikazungumza naye. Nilimwambia nilikosea, kwamba huku si nyumbani, huku mimi ni mfanyakazi tu na hata kitanda si changu. Nikamwambia Winfred anaruka Jumapili na ana begi kubwa. Nililipapasa fundo mara ya mwisho, ni kavu kama siku niliyolipokea, nikalitia ndani na kubandika utepe pande zote.

Nisalimie Mama kabla hujamwambia na baada ya kumwambia. Nisalimie Baba Mdogo Nick na nyumba yake yote, Trevor mvutie sikio kwa niaba yangu, na mwalimu umshukuru kwa kuzaa Winfred. Kogo mguse mguu tu, atajua ni mimi. Mungu awape mavuno yanayotosha na usingizi usiokatika, na goti lako alitazame kwa jicho la pekee.

Wako akupendaye, anayengoja umwitikie,

Damaris.

Nyongeza, Ijumaa asubuhi: Nimeamka leo nikakuta sakafu ya mlangoni ni kavu, mara ya kwanza tangu tarehe tisa. Bahasha nilikuwa nimeilaza juu ya kabati, mbali na dirisha na mbali na esi. Upande wenye fundo umelowa. Ikikufikia hivyo, usimlaumu Winfred.